Mama, Tetemeko na Buibui Lake

Tangu baba afariki, nilikuwa nikimbembeleza mama ahamie kwangu Nairobi moja kwa moja. Alikuja kutoka Mombasa, lakini akasema ni matembezi tu, na nguo zake zikabaki ndani ya sanduku lenye kufuli kando ya kitanda. Ufunguo aliufunga kwenye pindo la leso. Sanduku lile lilininyima raha kila nilipoliona.

Alasiri moja ardhi ikatetemeka. Vikombe vikagongana kabatini, na majirani wa jengo letu la Ngara wakateremka ngazi mbio, wengine miguu mitupu. Mama akakataa kutoka bila buibui. Akafungua fundo la leso, akafungua kufuli, akapekua sanduku, akavaa, kisha akajitazama kwenye kioo. Tulipofika chini, majirani walikuwa wanapanda kurudi kupika chai.

"Mimi na gorofa basi," akasema. "Nitafutie nyumba ya chini, au nirudi kwetu."

Nikampeleka mtaa wa Riruta. Nyumba ilikuwa nzuri, ya chini kabisa, ila mstari wa kahawia ulizunguka kuta zote za chumba. Mama akauliza ni wa nini.

"Hiyo ni rangi tu, mathe. Ni ya urembo," mwenye nyumba akajibu, macho makavu.

Mama akasimama ukutani akajipima. Mstari ulimfika kifuani.

"Tetemeko lilinipa nafasi ya kujisitiri, mwanangu," akaniambia tulipotoka. "Mafuriko yatanikuta kitandani."

Mtaa wa Woodley tukapata nyumba yenye mti mkubwa ulioinamia paa. Mama akautazama, akasema upepo ukija, mti huo hautauliza nani mgeni. Hapo nikashindwa kuvumilia. Nikamwomba achague janga analolitaka, nijue nitafute mtaa gani. Akacheka mpaka akashika ua wa nyumba asianguke.

Tulirudi Ngara. Nilijua atasema anakwenda zake, na niliogopa. Kule Mombasa nyumba ni tupu, na yeye kulala peke yake kulinitisha kuliko mafuriko na tetemeko.

Tulipoingia ndani akaomba nyundo na msumari. Akaupigilia karibu na mlango, akavua buibui, akalitundika.

"Ikitetemeka tena sitakuchelewesha," akasema.

Kisha akafungua pindo la leso, akatoa ufunguo, akaniuliza kama kabati langu lina nafasi.