Mkono Uliozoea Roboti

Nilirudi Goma na kiburi, sifichi. Ughaibuni nilipasua tezi dume kwa roboti: unakaa kitini kama bosi, unachezesha vidole, mashine inakutii. Huku nikakuta waasi wamepita, lava ya volkano imekaukia barabarani, na hospitali yetu ina kamera moja na vyuma virefu vya kupitisha kwenye vitundu vya tumbo. Nikasema basi, kazi ni ileile.

Ileile wapi! Kwa mgonjwa wa kwanza, nikipeleka mkono kushoto, ncha ya chuma ndani inaenda kulia. Mguu nao ukawa unatafuta pedali ya roboti ya kusogezea kamera, ukamkanyaga mama muuguzi aliyeishika kamera yenyewe.

"Dokta," akasema mara ya tatu, "kamera iko mu mikono yangu, haiko mu vidole vya muguu!"

Tukaishia kumpasua mgonjwa kwa mkato mrefu, kizamani. Alipona, lakini mimi niliona haya.

Aliyefuata alikuwa muzee mmoja, mchungaji wa ng'ombe kutoka Masisi, mkimbizi wa kambi ya Mugunga. Tezi dume ilimziba, miezi saba alikuwa na mpira wa mkojo, mfuko ukining'inia chini ya koti. Kanisani alikuwa amekoma kwenda. Kidonda kikubwa, ndani ya hema, juu ya vumbi la lava, kingemwozea. Ilikuwa lazima tupitie vitundu.

Mama muuguzi akakataa nimguse muzee kabla ya mazoezi. Akatoboa katoni, akaweka simu ndani iwe kamera, akaleta kibofu cha mbuzi kutoka sokoni. "Shona." Kila asubuhi, kabla ya chai! Nilikasirika, nikatupa sindano, nikaiokota. "Kujikwaa si kuanguka, Dokta," akacheka. Kusema kweli roboti haikunipunja: macho yalijua kila mshipa, kila utando. Mkono ndio ulikuwa mutoto mchanga.

Wiki ya nne tukamfanyia muzee upasuaji. Jasho lilinitoka hadi kwenye soksi, lakini nilishona hadi mwisho, na mguu ulitulia.

Siku ya kutoa mpira, muzee akaingia chooni, akafunga mlango. Tukangoja. Mama akaanza kusali chinichini, mimi nikatega sikio mlangoni.

Kisha tukasikia. Mkojo, tena kwa nguvu!

"Aksanti Yesu!" muzee akapiga kelele humo ndani.

Akatoka amelowa viatu, machozi yanamtiririka, akaninyooshea mkono kabla hajanawa. Nikaupokea kwa mikono yangu yote miwili.