Blanketi la Umeme Kwenye Mazishi ya Mjomba

Mkinicheka nitawaelewa, maana hata mimi ningekuwa upande wenu ningecheka, lakini naomba mfike mwisho kwanza. Mimi ndiye yule mtu aliyezima sauti ya mjane kwenye mazishi ya mumewe, kwa sababu tu nilitaka kulala na joto.

Mimi ni fundi wa sola huko Mtito Andei. Nina vani ya zamani niliyoitengeneza mwenyewe ikawa nyumba ya kutembea: kitanda nyuma, paneli juu, betri chini ya kitanda, na inveta ya kugeuza moto wa betri uwe stima kama ya nyumbani (hiyo vani niliisifu mpaka watu wakaanza kunikwepa). Kwa hivyo Mjomba Mutiso alipofariki, na jamaa wakakutana kupanga mazishi nyumbani kwake Mbooni, binamu yangu Kioko aliposema amepata jenereta ya jirani ya kuendesha spika, nikainua mkono.

"Jenereta ya nini? Mnataka tumlilie Mjomba na kelele kama ya posho mill ya kusaga mahindi? Rudisheni. Vani yangu itabeba kila kitu."

"Una uhakika?" Kioko akaniuliza.

"Kioko, hii ni kazi yangu."

Nilifika jioni, mazishi yakiwa kesho yake. Ilikuwa Julai, na sisi wa Mtito baridi ya Mbooni huwa tunasimuliwa tu. Anti Ndunge, mke wa Mjomba, akaja kunisalimia mlangoni mwa vani. Huyu ni mama wa sauti ndogo sana, hata ukikaa naye jikoni lazima usogee, na miaka yote ya ndoa yao Mjomba ndiye aliyemsemea, kanisani, kwa chifu, kila mahali. Akanishika mkono.

"Mwanangu, kesho nataka kuongea mwenyewe. Sitaki kusomewa na mtu. Hiyo mashini yako itanisaidia nisikike?"

Nikamwambia atasikika mpaka ng'ambo ya bonde.

Basi nikapanda kitandani, nikawasha blanketi langu la umeme. Nia yangu ilikuwa nusu saa, kitanda kipate moto kisha nizime, lakini miguu ilipoanza kupata uhai nikasema acha likae kidogo tu, na hiyo kidogo ikafika asubuhi. Tena nilikuwa nimeunganisha betri ya kuwashia gari na ile ya kitanda ili joto lisikatike (fundi mzima!). Nilipoamka taa ya betri ilikuwa nyekundu. Nikajiambia jua litatoka lijaze, lakini ukungu ukakaa juu ya vilima kama umealikwa. Bado ningeweza kumwambia Kioko akimbie kwa jirani alete jenereta. Nikaona aibu, nikanyamaza.

Mchungaji akaongea, wazee wa ukoo wakaongea, mheshimiwa mmoja wa kutafuta kura akaongea mara mbili, na kila mmoja alipokohoa kwenye maiki mimi nilihesabu betri ilivyozidi kupungua. Watu walikuwa wengi, wengine wamekaa kwenye matuta ya shamba kuteremka hadi chini kabisa. Hatimaye Anti akasimama, akashika maiki kwa mikono miwili.

"Mutiso," akaanza, "kuna kitu sijawahi kukuambia..."

Inveta ikalia tiii, spika zikafa.

"Hatusikii!" wakapiga kelele kutoka matutani. "Sauti! Fundi ako wapi?"

Nilikimbia, nikajikwaa kwenye waya, nikaingia kwa vani kuwasha injini ili ichaji betri, ikakohoa mara moja ikakata (si nilikuwa nimeimaliza ile betri ya kuwashia pia). Vijana wakaja kusukuma, mlango wa nyuma ukafunguka, na blanketi likaanguka nje, waya ukilifuata. Mzee mmoja akaliinua juu kila mtu akaona.

"Asi! Hii blanketi iko na waya?"

Kioko akalitazama, akanitazama mimi. "Kwani umelala na stima ya mazishi?"

Mmoja akacheka, kisha matuta yote yakacheka, kwenye mazishi. Nilitamani ardhi inimeze. Nilipogeuka nikamwona Anti bado amesimama, midomo inatembea, na hata waliokuwa karibu naye walikuwa wanatuangalia sisi. Akamaliza, au akaacha, sijui. Akampa mchungaji ile maiki, akakaa. Manyunyu yakaanza, na mchungaji akasema mwili ushushwe.

Watu walipotawanyika nilimfuata jikoni. Nilikuwa nalia, sifichi.

"Anti, nisamehe. Nilisikia baridi."

"Hata mimi nilisikia," akasema. Nikasogea ili nimsikie. "Si ungekuja uniambie? Blanketi ya mjomba wako ilikuwa kwa kitanda. Mimi ilinishinda kujifunika, lakini wewe ningekupatia."

Nikamuuliza alitaka kumwambia Mjomba nini. Akapuliza moto, akaweka sufuria.

"Hiyo ilikuwa yake, mwanangu. Na sasa ameenda."

Nimeapa sitaahidi tena kitu cha watu kabla sijakipima, na nikiona kinakaribia kunishinda nitasema mapema, hata kama nitachekwa. Kiapo hicho nimekishika. Ila Anti Ndunge hajasimama mbele ya watu tena.