Safu ya Wanawake

Mjukuu wangu anayesoma ng'ambo aliniletea picha za maandamano aliyohudhuria, ya kudai haki za mashoga na za watu waliobadili jinsia. Akaniuliza kama mimi, bibi yake, ningeweza kutembea hata hatua moja katika jambo kama hilo. Aliuliza kwa upole ule unaotumiwa kwa wazee na wagonjwa, na upole huo uliniudhi. Nilimjibu kwamba nilishatembea, maili tano, kutoka kijijini kwetu hadi Lushoto mjini, ila sijivunii nilivyoianza safari ile.

Wakati huo Azimio, lile la ujamaa na kujitegemea, lilikuwa bado bichi. Kila kijiji kilikuwa kinaandamana kuliunga mkono, na sisi tulikuwa tumechelewa, jambo lililomkosesha raha mwenyekiti wetu wa tawi. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, msichana wa miaka ishirini na miwili mwenye mwandiko mzuri, kwa hiyo nikapewa kazi ya kuandika safu: wanaume mbele, wanawake nyuma yao, wanafunzi mwisho.

Magauni ya sare ya wanawake yalishonwa na mtu mmoja. Mshonaji wetu alizaliwa akaitwa mvulana, akabatizwa kwa jina la kiume, lakini tangu alipopevuka alivaa kanga na kubeba kuni kichwani kama wanawake. Wanaume wa kwetu hubeba mzigo begani. Alimzidi mama yangu umri kidogo. Wanawake walikuwa wamemzoea, walikwenda naye mtoni, na kwenye misiba alimenya nao viazi. Wanaume walijifanya hamnazo. Kitenge kilipopandishwa kwa lori kutoka Mombo, alishona magauni ishirini na sita kwa cherehani yake ya kukanyaga, na la ishirini na saba akajishonea mwenyewe. Nami nikaandika jina lake katika safu ya wanawake bila kufikiri sana, maana sikuona mahali pengine pa kuliandika.

Asubuhi ya siku yenyewe tulikusanyika uwanja wa shule, ukungu ukiwa bado umeikalia migomba. Mwenyekiti alimwona mshonaji, akaniita pembeni. Alisema kutakuwa na wageni kutoka mkoani na hataki kijiji kichekwe. Mshonaji akavae suruali aingie safu ya wanaume, au abaki nyumbani.

"Futa jina hilo, mwalimu."

Ningeweza kusema kwamba raba imepotea. Ningeweza kusema chochote. Nilifuta, tena vizuri, nikapuliza vumbi la raba kwenye karatasi, kisha nikatumwa kwenda kumwambia.

Alinisikiliza huku akinyoosha pindo la gauni la jirani yake. Hakulia wala hakubisha.

"Nilitaka kutembea na wenzangu siku moja, mchana, watu wakiona," alisema. "Basi. Waende salama."

Akashika njia ya kwake. Niliona aibu, na aibu ile ilinifanya nimkasirikie yeye badala ya mwenyekiti. Ndivyo nilivyokuwa.

Bibi mmoja aliyekula chumvi nyingi, mama mzazi wa mwenyekiti, akauliza kulikoni. Nikamweleza. Bibi huyu alikuwa miongoni mwa wanawake waliogoma wakati wa Mwingereza, watu walipoamriwa kuchimba matuta kwenye kila mteremko. Walikaa chini shambani, majembe mapajani, na bwana shamba hakuweza kuwanyanyua. Sasa alisema na wenzake kwa Kishambaa, maneno machache tu, halafu akakaa kwenye nyasi zenye umande na gauni lake jipya. Wote wakakaa. Vitenge vikalowa.

Mwenyekiti alikuja mbio na filimbi yake. Alianza kuwahutubia juu ya usawa wa binadamu, hotuba aliyokuwa ameiandaa kwa ajili ya mjini, akafika katikati akaona inampeleka asikotaka, akaikatiza. Kijiji kilichoandamana bila wanawake kingechekwa zaidi. Na mama mzazi haamrishwi. Ilimbidi achuchumae mbele yake ili wazungumze.

"Aliyetushonea anatembea na sisi," bibi alimwambia, "au hatutembei."

Mwenyekiti alinitazama utadhani mimi ndiye niliyemzalia mama huyo. Nikaliandika jina upya pale pale lilipofutwa, kisha nikamfuata mshonaji. Nilimkuta mlangoni kwake, bado hajavua gauni.

Tuliteremka tukiimba. Mjini, kijana mmoja katika msafara wa wageni, wa rika langu, alipewa kazi ya kuwasalimu akina mama. Alianzia mwanzo wa safu, akiinamisha kichwa kwa kila mmoja. Alipomfikia mshonaji hakusita, kwa kuwa hakuwa na habari.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu," alijibu mshonaji, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Nilikuwa nyuma yao na karatasi yangu, na hapo nikaielewa sababu ya sauti ile. Kwetu mtoto asiyetoa shikamoo huchapwa. Lakini kwa mtu huyu tulishindwa kuamua tumwite mama au baba, kwa hiyo sisi tulio wadogo kwake tukaona heri kumwambia habari za asubuhi, kama mwenzetu, na kupita. Hakuna aliyewahi kumwamkia. Kijiji kizima, miaka yote hiyo, pamoja na mimi niliyelipwa kufundisha watoto adabu.

Wakati wa kupanda kurudi alitembea kando yangu. Aliniuliza kama ni mimi niliyefuta jina lake. Nilisema ni mimi. Ningejitetea kwa lipi? Tulipofika kwenye kona ya daraja nilimwambia shikamoo mama. Alitembea hatua nyingi kabla ya kuitikia, na nilistahili kuzingoja zote.