Nyoka Aliyemuua Mbuzi wa Mariette

Pale Misiera, kijiji cha maduka ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, ukiuliza nyumba ya Mariette utaulizwa Mariette yupi, maana wako wengi. Sema Mama Mavi, na hata mtoto anayejifunza kutembea atakuonyesha kwa kidole. Jina si zuri, nakubali, lakini alilipata kwa kazi halali. Mwaka wa 2013 alizunguka mazizi yote na ndoo ya makopo, akiokota kinyesi cha wanyama kwa ajili ya watu wa maabara ya Mbarara. Waliomcheka ndio hao hao waliokuja baadaye kumuuliza kwa kunong'ona kama mbwa wao naye ana kitu tumboni. Na kabla ya jina hilo alikuwa na jingine baya zaidi: mwizi.

Mariette alitoka milima ya Fizi, Kongo, mwaka wa 2009, yeye na mumewe Anatole na watoto watatu, pamoja na jirani yao Eliane. Wanawake hawa wawili walikuwa chanda na pete. Njiani walipikia chungu kimoja, na Nakivale wakapewa viwanja vinavyopakana. Mwaka wa 2012 shirika moja likawapa wanawake kumi mbuzi watano. Sheria ilikuwa fupi: mtoto wa kwanza wa kike wa mbuzi wako, akishaacha kunyonya, umpe mwenzako anayesubiri. Mbuzi akifa, kamati ya kundi ionyeshwe ngozi, ili watu wasile mradi. Mariette alipata mbuzi, na Eliane akaandikwa kumngoja mtoto wake.

Mariette alimpenda mbuzi yule kupita kiasi. Kwa kuogopa asipotee, alimfunga kamba kila siku mahali pale pale, kwenye majani mabichi yaliyonyweshwa na maji ya bafuni. Mbuzi akazaa mtoto wa kike, na Eliane akapiga vigelegele kuliko wote. Mtoto alipofikisha miezi minne, mama yake akaanza kudhoofu. Manyoya yalimsimama, akavimba chini ya taya, na asubuhi moja akalala asiinuke tena. Anatole alipompasua walikuta minyoo, myembamba na mingi ya kutisha. Akasema nyama ile haifai kuliwa na mtu. Wakamzika pamoja na ngozi yake, na hapo ndipo walipokosea.

Sasa nieleze neno moja, maana kesi yote ilizaliwa na neno. Kwa watu wa kwao Mariette, minyoo ya tumboni huitwa nyoka. Mtoto akiugua tumbo, mama yake husema ana nyoka, na hakuna anayekimbilia fimbo. Lakini Kayumba, karani wa mradi, alijifunzia Kiswahili jeshini, na nyoka aliyemjua yeye ni yule wa vichakani.

"Mama, mbuzi nakufa na nini?" aliuliza.

"Ilikufa na nyoka, shefu."

Kayumba akarudi nyuma hatua moja. "Nyoka iko wapi?"

"Ilikuwa mu ndani."

"Ndani ya nyumba ya mbuzi?"

"Mu ndani kabisa, shefu."

"Iko kubwa?"

"Hapana. Ndogo-ndogo, lakini mingi."

Kayumba hakulisogelea banda. Aliandika kwa Kiingereza, lugha ambayo Mariette hakuijua, kwamba mbuzi ameumwa na nyoka na kwamba bandani wamejaa. Akamwamuru afyeke vichaka na kumwaga mafuta ya taa kuzunguka banda. Mariette alijiuliza hii ni dawa gani, lakini mkubwa akishasema amesema. Akafyeka siku mbili.

Kamati ilipokuja ilitafuta nyoka ikamkosa. Ikauliza ngozi, ikaambiwa imezikwa. Wakati huo mbwa walikuwa wamekwisha kufukua kaburi, na mifupa ilitapakaa nyuma ya nyumba kana kwamba watu wamemaliza karamu. Gakwaya, mwenyekiti, alitikisa kichwa tu. Eliane, ingawa kwao pia nyoka ni minyoo, aliamini mifupa, na ndiye aliyesema.

"Mariette, ile nyoka iko na meno ya mutu."

Watu walicheka, na kicheko kile kilimkata Mariette kuliko shtaka lenyewe. Kuanzia siku hiyo Eliane hakumwomba tena moto wala chumvi. Kamati ikampa wiki mbili alete ushahidi, la sivyo atolewe kundini kwa wizi. Na mtoto wa mbuzi, aliyekuwa haki ya Eliane, naye akaanza kuvimba taya. Akifa naye, Mariette angesema nini, na nani angemsikiliza?

Akachukua kinyesi cha yule mtoto, akakitia ndani ya kopo la maziwa ya unga, akaomba lifti kwenye gari la mahindi mpaka Mbarara. Aliuliza njia mpaka akafika kwenye maabara ya mifugo upande wa Kamukuzi.

"Naleta mavi ya mbuzi," alisema mlangoni. "Iko na nyoka."

Wafanyakazi wawili wakaangua kicheko. Wa tatu, mama wa Kiislamu aitwaye Swaleha, hakucheka. Alikuwa mzaliwa wa Mbarara, lakini nyumbani kwao waliongea Kiganda.

"Ngoja, mama. Sisi kwa Luganda enjoka iko ya tumbo. Ile ya porini naitwa omusota. Wewe nasema ya tumbo?"

"Njo hiyo! Njo hiyo, mama! Ya mu tumbo!"

Mariette akakaa chini sakafuni akalia. Tangu mbuzi afe, huyu ndiye mtu wa kwanza asiye wa kwao kumwelewa.

Swaleha alikiponda kinyesi katika maji ya chumvi nyingi, akangoja mayai yaelee, kisha akamwita aangalie kwenye hadubini. Yalijaa kama punje za mtama kwenye ungo. Akauliza mbuzi alikuwa akifungwa wapi, na Mariette akamweleza, kwa fahari kidogo, habari za majani mabichi.

"Mama, hapo ndiyo shida," Swaleha alisema taratibu. "Mbuzi nakunya hapo, nakula hapo. Minyoo napenda maji-maji. Kila siku nameza mingine."

Mariette akaelewa. Kumbe kamba yake mwenyewe ndiyo iliyoua.

Alirudi na dawa ya mtoto wa mbuzi na barua kwa Kayumba. Kayumba aliisoma mara mbili, akaufuta mstari wake wa nyoka, akaomba radhi, na kamati ikamwacha Mariette kundini. Lakini maji yakimwagika hayazoleki: barua haikuzunguka kijijini, ila maneno ya Eliane yalizunguka.

Mwezi wa pili baada ya hapo Swaleha akaja na wenzake kupima wanyama, nao wakamchukua Mariette awaokotee. Aliokota vya mbuzi, vya ng'ombe, vya nguruwe na vya mbwa. Alifika hadi mpakani mwa mbuga ya Ziwa Mburo kuokota vya punda milia, ingawa aliona ni kazi bure, maana walivyonona wale! Majibu yalisomwa mbele ya watu. Katika mbuzi sitini, arobaini na tisa walikuwa na mayai ya minyoo. Mbwa karibu wote. Mafungu kumi na mawili ya kinyesi cha punda milia, yote kumi na mawili.

"Mnyama haina minyoo ni ile ya picha," Swaleha alisema. "Hata ya porini iko nayo. Lakini yeye nakula hapa, naenda mbali. Ya kamba naenda wapi?"

Kwa mara ya kwanza watu walimtazama Mariette bila kukonyezana.

Mtoto wa mbuzi alikuwa amepona, manyoya yanang'aa. Kwa desturi ya kundi, siku ya kukabidhi mtoaji na mpokeaji hushika kamba pamoja mbele ya mashahidi. Mariette alisimama kwanza akasema wazi kwamba yeye ndiye aliyemfunga mama wa mbuzi huyo pabaya, kwa kutojua. Eliane akasogea, lakini hakuigusa kamba.

"Nilisema Mariette alikula mbuzi," alisema kwa sauti, ili wa nyuma nao wasikie. "Hakukula. Ni mimi nilikula jina yake."

Akaanza kulia. Mariette naye alikuwa akilia. Akauchukua mkono wa mwenzake, akauweka juu ya kamba karibu na wake.

"Usimufunge fasi moja, dada," alimwambia. "Kila siku umuhamishe."