Miaka Isiyokuwemo Kitabuni

Kitabu cha maisha ya baba, alichokiandika mwenyewe, kilipofika Tabora, nilikinunua Mtendeni nikaenda nacho mbio hadi Isevya kumsomea mama, ambaye hakujua kusoma. Nilimkuta amevaa khanga zake mpya za Idi. Akakaa mkekani, akaniambia, "Haya, anza. Usiharakishe."

Baba alikuwa manju, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma anayeshindana na manju wa upande mwingine. Nchi nzima ilimjua kwa redio. Nikasoma utoto wake, ng'ombe aliowachunga, ngoma aliyoichezesha siku ya Uhuru. Nikafungua sura iliyofuata: yuko Dar es Salaam, anarekodi.

Mama akanyanyua mkono. "Umeruka."

Sikuwa nimeruka. Kati ya Uhuru na Dar ndiko ilikokuwa ndoa yao, nyumba yetu karibu na Tura, na mimi. Mama ndiye aliyelima shamba peke yake ili mwenzake apate kutunga. Ndiye aliyeitikia kila wimbo mpya kabla ya mtu mwingine yeyote, jembe mkononi, na wimbo alioukataa yeye haukufika uwanjani. Kisha baba akapanda treni na ngoma zake. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, mama alijenga kibanda chetu mwenyewe, nami namshikia fito. Katika kitabu kile baiskeli ya baba ilipewa ukurasa mzima! Mke aliyemwoa huko Dar alipewa sura na picha. Mama hakupata hata mstari, nami nilichukia.

Sikunyamaza. Nilisema kisimani, nikasema kwenye foleni ya sukari, nikamsemea kila aliyetaka kunisikiliza. Ijumaa moja baada ya swala, wapenzi watatu wa nyimbo za baba wakabisha hodi kwetu. Aliyewatangulia alikuwa mzee wa Kiarabu mwenye duka Mtendeni, aliyezijua nyimbo zote za baba kwa moyo ingawa Kinyamwezi chenyewe kilimpiga chenga. Kitabu alikuwa nacho kwapani. Nikawaamkia shikamoo, nikawapa viti.

"Binti," akaanza, "wachafua jina la mtu mkubwa. Wangapi wamejitia watoto wake!"

"Mimi sijajitia. Ni baba yangu."

"Basi na iwe hivyo. Wewe hujui mila za ngoma? Manju hataji nyumba anayolala wala mwanamke anayempikia. Wapinzani wakijua, wanapeleka dawa. Akiwa amewaficha, amewalinda."

Wenzake wakatikisa vichwa, wameridhika kabisa. Mila hiyo ilikuwepo kweli, nami niliijua tangu utotoni. Ndiyo maana ilizidi kunitia uchungu.

"Na yule wa Dar, mbona amemtaja mpaka na picha kampiga? Yeye dawa haimdhuru?"

Mzee akakifungua kitabu, akaitazama picha, akakifunga. "Kitabu hakiwezi kubeba kila kitu," akasema. Mwenzake akadakia kwamba huenda baba, mzee wa watu, alisahau. Wa tatu akasema nina wivu.

Alisahau! Mtu aliyekumbuka rangi ya kengele ya baiskeli!

Nikamgeukia mama, aliyekuwa akichambua mchele muda wote huo. "Mama, waambie. Waambie ni nani aliyekuwa akimwitikia."

Wote wakamtazama. Mzee akaongea kwa upole sasa, kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu. "Ni kweli, mama? Uliishi naye?"

Mama akaokota kijiwe kwenye ungo, akakitupa nje. Aliona jinsi mzee alivyokikumbatia kile kitabu. Nadhani aliona pia kwamba akisema ndiyo, baba atakuwa mwongo mbele ya watu wanaompenda.

"Mimi?" akasema. "Mimi nilimsikia redioni tu, mzee wangu, kama ninyi."