Dakika Moja Mbele ya Kikao

Mwalimu wetu wa biashara anaamini unaweza kumshawishi mtu yeyote kwa dakika moja, mradi sentensi ya kwanza imnase. Darasani tulifanya mazoezi ya kuuziana kalamu. Mimi nilimuuzia jirani yangu kalamu yake mwenyewe, nikajiona niko tayari kwa Baba.

Baba alikuwa amepata kazi Houston, na familia nzima ilikuwa inahama Lewisville, mji tunaoishi hapa Texas, mwaka mmoja tu kabla sijamaliza shule. Mimi nilitaka nibaki kwa mama mdogo, anayekaa jengo la pili kutoka letu. Basi. Lakini Baba hapatikani. Nyumbani yuko kwenye simu, na kwenye gari anabishana na ramani ya simu. Mahali pekee anaponyamaza ni kwenye kikao. Na Watanzania hatuwezi kumuaga mtu bila kikao, chenye mwenyekiti, mhazini na wali kuku.

Kwa hiyo Jumamosi mchana, wazee wakiwa sebuleni kwetu wanapanga sherehe ya kutuaga, nilinyoosha mkono.

"Mwenyekiti, shikamooni. Naomba dakika moja."

"Marahaba. Iwe moja kweli, siyo ya kwetu."

Nikaanza na ile sentensi ya kunasa. "Baba anahamia Houston, na hapa Lewisville bado anapotea akienda kununua maziwa."

Sebule ikapasuka kwa kicheko. Baba mwenyewe akashika tumbo. Hapo ndipo nilipolewa sifa, nikaongeza ya pili: "Juzi ramani ilimwambia ageuze gari, akaijibu, 'Wewe, usinipangie!'" Mhazini akapaliwa na soda.

Nikakumbuka shida yangu. "Kwa hiyo naomba asije akanipoteza na mimi. Niacheni kwa mama mdogo, nimalize shule."

Hiyo ndiyo waliyoicheka kuliko zote.

"Nasema kweli," nikasema.

"Mwoneni uso wake!" Mama mdogo akapiga paja. "Hata hatabasamu, huyu mtoto ni hatari!"

Mwenyekiti akafuta machozi. "Jamani, mshereheshaji tulikuwa tunamtafuta wa nini? Si huyu hapa?"

Mkono wa kwanza kuunga hoja ulikuwa wa Baba. Ikapita bila kupingwa.

Walipohamia kwenye chakula nilimfuata Baba jikoni, nikamwambia kwa Kiingereza ili ajue sitanii: nataka kubaki. Akaniwekea mkono begani, akanitazama vizuri, kwa fahari, jinsi ambavyo hajanitazama tangu habari za Houston zianze.

"Usiumalize utani wote leo, baba," akasema. "Waachie wageni."

Simu yake ikaita.

Mama mdogo akaja na futi kamba shingoni. Yeye ndiye atakayenishonea suti ya kitenge ya kuendeshea sherehe.

"Nyoosha mikono, mwanangu."

Nikanyoosha.