Lori Lililokaa Kampuni

Baba alikuwa na lori moja kuukuu la kubebea mahindi kutoka Turbo hadi stesheni ya reli Eldoret, na alilipenda kiasi cha kutuudhi. Siku zote lilitengenezwa na kalasinga mmoja mwenye gereji ya mabati nyuma ya soko. Pale baba aliketi juu ya debe, akanywa chai, wakabishana, na jioni lori likarudi nyumbani na kelele zake zilezile, ila linakwenda.

Mwaka ule mama alikuwa mjamzito na mimba ilimsumbua. Mkunga alishasema huyu akajifungulie hospitali. Kwa hiyo baba akaamua lori liende kwa kampuni iliyoliuza, kwenye karakana ya sakafu ya simiti ambako masetla, wakulima wa Kizungu, walipeleka magari yao.

"Kalasinga anatosha," nilimwambia. Nilikuwa binti mkubwa, na mdomo sikuweza kuufunga.

"Kalasinga anafunga na waya," akasema. "Mama yenu hatabebwa na gari ya waya."

Ulikuwa msimu wa mavuno. Desturi ya kampuni ilikuwa kwamba lori la setla likifika, la Mwafrika linasukumwa pembeni, hata kama limeshafunguliwa. La baba lilifunguliwa injini, likasukumwa, vyuma vyake vimetapakaa chini. Kila asubuhi alikwenda mjini, kofia mkononi, na karani akamjibu dirishani, "Mzee, ngoja kidogo. Mahindi ya wazungu inanyeshewa."

Uchungu ulimshika mama kabla ya wakati wake. Tulimlaza kwenye mkokoteni wa ng'ombe, mimi nimempakata kichwa, baba akiwavuta ng'ombe kwenye matope. Mama hakumlaumu. Aliuliza mara moja tu, "Gari bado?"

"Bado kidogo," baba akasema.

Hatukuwa tumefika mjini alipotutoka, na mtoto naye. Nilipiga mayowe mpaka sauti ikanikauka. Matope ya barabara ile nayachukia hadi leo.

Lori lilitolewa baada ya mazishi. Sitawasingizia: walilitengeneza vizuri, hata kalasinga alilikagua akatikisa kichwa kukubali. Lilipanda vilima vyote, mvua na jua. Miaka yote tuliyokaa nalo halikutukwamisha hata siku moja, na kila asubuhi lilipowaka mara ya kwanza tu, baba alilia.